Kuzamishwa katika Kifaransa: Uhakiki wa Darasa Moja la Chekechea Musaga

Zipo shule za chekechea mjini Bujumbura zinazompokea mtoto wa miaka mitatu na kumzamisha moja kwa moja katika Kifaransa, kuanzia salamu ya asubuhi hadi wimbo wa kuagana. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki mbinu hiyo kwa kuzingatia darasa moja la Musaga, mtaa wa kusini mwa jiji, ambamo tuliketi asubuhi nzima.

Watoto waliimba vizuri. Walitaja rangi, wakahesabu hadi ishirini, wakamwamkia mgeni kwa adabu. Mwalimu ni hodari, wala hatumlaumu. Kasoro ilijitokeza pale msichana mmoja aliposema "ndashaka amazi", yaani nataka maji. Aliambiwa aseme kwa Kifaransa. Hakuweza, akarudi kuketi bila kunywa, na hatukumsikia tena hadi kengele ilipolia. (Kitabu cha picha kilichokuwa mbele yake kilionyesha watoto wakicheza kwenye theluji. Hilo tuliache.)

Mbinu yenyewe si mbaya. Jaribio linalotajwa sana ni la Saint-Lambert, karibu na Montreal nchini Kanada, lililoanza mwaka 1965. Lakini watoto wale walitoka katika familia za Kiingereza, lugha ambayo haikuwa hatarini hata kidogo, na Kifaransa kilikuwa lugha ya majirani zao. Zaidi ya hayo, mtoto wa chekechea aliruhusiwa kusema Kiingereza, naye mwalimu akamjibu kwa Kifaransa. Mwalimu wa Musaga naye anakielewa Kirundi, tena ndicho alichokulia. Ila kanuni ya shule inamtaka ajifanye hakielewi.

Tuangalie kinachopuuzwa. Mtoto wa miaka minne husema "abana babiri" na "ibitabo bibiri" bila kukosea. Upatanisho huo ndio huo wa "watoto wawili" na "vitabu viwili", ambao sisi katika idara hii huufafanua kwa wiki nyingi chini ya mada ya ngeli. Mwenye ujuzi huo anahesabiwa kuwa hajui kusema.

Mageuzi ya elimu ya mwaka 1973 yalikusudia Kirundi kiwe lugha ya kufundishia madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Hata hivyo, wazazi wanajua kwamba Kifaransa ndicho kilichofungua milango ya sekondari, chuo kikuu na ofisi, na hatuwezi kuwacheka. Sisi wenyewe, walimu wa Kiswahili, tulimpeleka kifungua mimba wetu katika shule ya aina hiyo, tena tukajivuna mbele ya wageni. Tulishtuka siku alipomjibu bibi yake "oui" kwa kila swali, hata lile lililotaka jibu la hapana. Bibi alicheka. Baadaye alituuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ni mgonjwa.

Ombi letu kwa wenye shule halihitaji fedha wala vitabu vipya. Kila siku itengwe nusu saa ya hadithi kwa Kirundi, au kwa Kiswahili pale watoto wanapokisema nyumbani. Na anayeomba maji kwa Kirundi apewe maji kwanza, kisha afundishwe kuyaomba kwa Kifaransa.