Wanaoandika Kimya

Redio haina masikio. Anayeandika somo la redio kwa ajili ya darasa huuliza swali bila kujua kama kuna aliyejibu, na bado lazima aandike kama mtu anayewasikia watoto.

Ufundi huu ulikomazwa Nicaragua kuanzia mwaka 1974, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoanza kufundisha hesabu kwa redio katika shule za msingi. Vipindi vya shule vilikuwapo zamani, ila vingi vilihutubia tu, mtoto akisikiliza hadi kope zimlemee. Hawa waliacha nafasi. "Tano na tatu ni ngapi?" Sauti inanyamaza. Darasa zima linapaza jibu. Sauti inarudi: "Nane." Aliyepata amejua papo hapo, aliyekosa naye amejua, na hakuna aliyeaibishwa mbele ya wenzake.

Kazi yenyewe imo ndani ya kimya hicho. Kikiwa kifupi, anayefikiri polepole hukatwa kabla hajafungua mdomo. Kikizidi, watundu wa dawati la nyuma hulichukua darasa. Kuhesabu kwa vidole kuna muda wake, kuandika jibu kwenye daftari kunataka zaidi, na kusimama, kuruka mara tatu na kuketi tena ni hesabu nyingine kabisa, hasa penye madawati ya kubanana. Mambo hayo hayakisiwi studio. Ndiyo maana watu wa mradi walikwenda kukaa madarasani, wakatazama, wakawapima watoto mara kwa mara, na waliyoyaona yakaingia katika masomo yaliyofuata. Uvumilivu huo ndio unaonivutia kuliko mitambo yote: mtu mzima anakaa nyuma ya darasa, akisubiri kuona ni wapi mtoto wa miaka saba anakwama.

Matunda yalipimwa kwa uangalifu. Katika jaribio la madarasa 88, lililochapishwa mwaka 1981, vitabu vya mazoezi viliinua alama za hesabu, na redio ikaziinua zaidi.

Kenya ilijaribu mtindo huo kati ya 1980 na 1985, safari hii kwa Kiingereza, darasa la kwanza hadi la tatu. Hapo mtihani ulikuwa mgumu zaidi kwa waandishi. Jumla ya namba ina jibu moja. Ukimuuliza mtoto anafanya nini, anaweza kujibu kwa namna kumi, zote sahihi. Swali lazima lijengwe ili jibu litabirike bila mtoto kugeuzwa kasuku. Zanzibar nayo, katika mradi wa RISE ulioanza 2006, ikawa na Tucheze Tujifunze, nyimbo na michezo kwa watoto wadogo.

Mwandishi mzuri wa masomo haya anajua pia mahali pa kumwachia mwalimu. "Mwalimu, chagua mtoto mmoja aje ubaoni." Nani aitwe, yule mwoga au yule mjuaji? Redio haiwezi kujua, na maandishi hayajifanyi kujua. Programu nyingi za simu na kompyuta kibao ninazoziona leo zina rangi na vigelegele vya kila aina, lakini humharakisha mtoto. Watengenezaji wake wangefaidika kukaa na maandishi ya zamani ya redio, wakiwa na saa mkononi.