Pombe ya Nyakinyua

Wapo wasemao kwamba mlevi hasemi uongo. Kwamba pombe ikishashuka tumboni, yaliyofichwa moyoni hupanda mdomoni. Maneno haya nimeyasikia vilabuni hapa Tunduma, nimeyasikia hata katika vikao vya walimu, na wayasemao huwa na uhakika wa ajabu. Ndiyo maana niliporudia kusoma Petals of Blood, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1977, baada ya mwandishi huyo kufariki mwezi Mei 2025, nilikaa muda mrefu kwenye sura ya pombe.

Msomaji asiyeijua hadithi hii apewe kwa ufupi. Kijiji cha Ilmorog kimepigwa na ukame, wanakijiji wakatembea hadi Nairobi kumwona mbunge wao, wakarudi. Mvua ikanyesha, mavuno yakapatikana. Ndipo bibi kizee Nyakinyua akapika Theng'eta, pombe ya wahenga iliyokuwa imepigwa marufuku na wakoloni. Wakiinywa, Karega, kijana mwalimu, anasimulia mapenzi yake na Mukami, binti aliyejiua. Munira, mwalimu mkuu wake, ameketi hapo hapo, na Mukami alikuwa dada yake. Naye Abdulla, mwenye duka, anatambua kwamba kaka wa Karega ndiye rafiki yake wa zamani aliyesalitiwa na kunyongwa.

Msomaji wa haraka atasema: naam, pombe imetoa kweli. Mimi nasema asome tena kurasa zilizotangulia. Watu hawa walikuwa wamekula njaa pamoja, wamefukuzwa milangoni pamoja, na Wanja alikuwa amedhalilishwa njiani ili wenzake wapite. Haya walikuwa wamekwisha kuoneana. Chungu cha Nyakinyua kiliwakuta wakiwa tayari. Laiti wangeinywa Theng'eta ile ile mwezi wa kwanza walipokutana, nadhani wangeimba tu na kulala.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, waliandika kwamba kileo hupunguza upeo wa fikra: mnywaji huona kilicho mbele ya pua yake, asione cha mbali. Maelezo haya yananitosha. Kama kilicho mbele yako ni rafiki, utasema ya urafiki. Kama ni hasimu, utasema ya uhasama, na kesho utashangaa uliyatoa wapi.

Katika utumishi wangu niliwahi kuletewa shauri. Mwalimu mmoja, akiwa amelewa, alimtuhumu mwenzake mbele za watu kilabuni kwamba anauza unga wa wanafunzi. Wajumbe wawili wa kamati wakashikilia kuwa lazima ni kweli, maana mlevi hana hila. Nikawauliza: angelewa akamsifu, mngeandika barua ya kumpandisha cheo? Wakanyamaza. Tukahesabu magunia ghalani, yakatimia yote. Mtu alikuwa karibu kupoteza kazi, na watoto wake wanne kukosa ada, kwa ushahidi wa komoni.

Kwa hiyo anayenisumbua zaidi katika riwaya hii si Karega aliyesema, bali Munira aliyesikia. Mwalimu mkuu huyu analichukua lile neno la usiku, analichanganya na wivu wake kwa Wanja, hatimaye anahakikisha Karega anafukuzwa ualimu. Hapo Ngũgĩ amepiga mahali penyewe: hatari ya maneno ya pombe mara nyingi iko kwa aliyeyaweka akiba.

Nisipokubaliana naye ni pale anapoitenga mno Theng'eta ya bibi kizee, safi na takatifu, na Theng'eta ya kiwandani inayokuja baadaye kuwatajirisha akina Kimeria. Huku kwetu kimpumu hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na wazee wamedanganyana kwenye chungu hicho kwa ufasaha mkubwa. Kinyume chake, nimemsikia dereva wa lori, anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde, akimweleza mgeni wa meza moja habari za mke wa pili ambazo ndugu zake hawazijui. Bia yake ilikuwa ya kiwandani, tena ya kwanza, haijafika nusu. Alisema kwa sababu kesho hatamwona tena mtu yule.

Kisha lipo jambo ambalo wanaosifu sura ya pombe hulipita. Sehemu kubwa ya riwaya hii inatoka katika maelezo ambayo Munira anaandikishwa na polisi, akiwa rumande, baada ya watu watatu kufa katika moto. Wakati huo ameokoka na pombe ameiacha. Ana kalamu, ana karatasi, hakuna anayemkatiza, na kichwa chake hakina tone. Anaandika juu ya baba yake, juu ya shule, juu ya Karega, juu ya Wanja, kurasa kwa kurasa, na kiberiti bado hakijatajwa.