Maneno Mawili ya Mezani

Mkristo wa Kianglikana atokaye Muheza akahamia Dodoma huona ajabu Jumapili ya kwanza. Kwao alizoea ubani, mavazi ya rangi na kuungama mbele ya padre, maana upande ule ulifundishwa na UMCA. Huku, walikofundisha CMS, aona kasisi amevaa nguo nyeupe tu, na hotuba ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya ibada. Huuliza, "Je, nimeingia Kanisa jingine?" Na jirani wa madhehebu mengine humcheka, wakisema Waanglikana ni popo, si ndege si mnyama. Sisi twaona jawabu lake limo katika Kitabu cha Sala, nacho chastahili kusomwa kwa kupimwa, si kukaririwa tu.

Kitabu hicho kilitungwa kwa uongozi wa Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, kikaanza kutumika Uingereza siku ya Pentekoste mwaka 1549. Tazameni maneno aambiwayo mtu apokeapo mkate. Mwaka 1549 yalitaja Mwili wa Bwana, kwamba ndio umlindao mtu hata uzima wa milele. Mwaka 1552 hayo yaliondolewa, yakawekwa mengine yamwagizayo ale kwa ukumbusho na kwa imani. Cranmer mwenyewe alichomwa moto Oxford mwaka 1556, zamani za Malkia Mary. Hata alipotawala Malkia Elizabeth, kitabu cha 1559 kiliyaunganisha yote mawili, moja nyuma ya jingine, na kile cha 1662 kikayashika vivyo hivyo.

Wako wasemao kwamba huo ni ujanja wa wakuu wa serikali. Hatukatai kwamba serikali ilitaka amani. Lakini msomaji ayasome kwa sauti, polepole, atasikia kwamba neno la kwanza lampa mtu kitu kitokacho nje yake, na la pili ladai kitu kitokacho moyoni mwake. Mwenye kushika la kwanza peke yake aweza kupokea kama apokeaye dawa ya mganga, asijali moyo wake u hali gani. Mwenye kushika la pili peke yake aweza kudhani kwamba mezani hapana kitu ila kumbukumbu yake mwenyewe, nayo siku nyingine ni haba sana! Basi Muheza huvutwa zaidi na la kwanza, Dodoma na la pili. Lakini asili ya ibada zao ni kitabu kimoja.

Walakini tusikisifu kupita kiasi. Mwezi wa Juni 1913 Askofu Peel wa Mombasa na Askofu Willis wa Uganda walikutana Kikuyu na wamisionari wa madhehebu mengine ya Kiprotestanti. Mwisho Askofu Peel aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, kwa kitabu hiki hiki, na wasio Waanglikana wakapokea. Askofu Weston wa Unguja akawashitaki kwa Askofu Mkuu kuwa ni wazushi. Sasa, agizo lililo mwisho wa ibada ya Kipaimara lasema asipokee mtu Ushirika ila amepata Kipaimara, au yu tayari naye ataka kukipata. Je, hiyo ni sheria juu ya kila Mkristo, au ni utaratibu wa watoto wa nyumbani tu? Agizo halisemi. Maneno ya mezani yalinyamaza kwa hekima. Agizo hili, kwa maoni yetu, lilinyamaza kwa kutoona mbele, maana waliolitunga hawakuwaza nchi ambayo Wakristo wa misheni mbalimbali wangekaa bonde moja na kuchota maji kisima kimoja.

Jawabu la Askofu Mkuu Davidson lilitoka mwaka 1915. Hakuwahukumu Peel na Willis kuwa wazushi, wala hakukubali ibada ya namna ile irudiwe.