Paka wa Mzee

Watu wengi hutoka kwa tamthilia ya Eugène Ionesco, Rhinocéros (1959), wakidhani inaidharau mantiki. Ni hadithi ya mji ambao wakazi wake wanageuka vifaru mmoja baada ya mwingine. Mapema, Mwanamantiki anamfunza mzee mmoja kufikiri: paka wote hufa, Socrates alikufa, kwa hivyo Socrates ni paka. Tunacheka. Lakini tunacheka kwa sababu tunaijua mantiki kumshinda yeye.

Chora duara kubwa la vyote vinavyokufa. Weka duara la paka ndani yake. Socrates yuko ndani ya lile kubwa, sawa, lakini nani amemlazimisha kuingia lile dogo? Hakuna. Hoja haijasema lolote kuhusu wote wanaokufa. Imesema kuhusu paka tu. Hitimisho halifuati.

Utamu wenyewe uko kwa mzee. Anakubali mara moja, kwa sababu nyumbani ana paka anayeitwa Socrates! Hajapima hoja. Ameangalia hitimisho, likafanana na kitu anachokijua, akaridhika. Ni kama kusema: matatu zote zina magurudumu, kile kitu pale Odeon kina magurudumu, basi ni matatu. Huenda ni matatu kweli. Lakini weka mkokoteni mahali pa kile kitu, na hoja ileile itakwambia mkokoteni ni matatu. Hicho ndicho kipimo: shika umbo, badilisha maneno, uone kama utatoka kwa ukweli ukaishia kwa uongo.

Baada ya maandamano ya Juni 2024 tuliisikia hoja hiyo: waporaji walikuwa barabarani, wewe ulikuwa barabarani, basi wewe ni mporaji. Tuliikasirikia, na tulikuwa sahihi. Lakini nasi tunayo yetu: wezi wa mali ya umma wanaendesha magari makubwa, huyu ana gari kubwa, basi ni mwizi. Hiyo tunaisambaza bila kuuliza, manze, kwa sababu huyo jamaa tulishamchukia kitambo. Ndiye paka wetu.

Ionesco hamwonei huruma Mwanamantiki. Naye anageuka kifaru, na kofia yake inaonekana mtaani ikiwa imechomwa na pembe. Mantiki haikumharibu huyo. Aliitumia vibaya, na mzee akamkubalia.