Marimba ya Mfalme Aliyeshindwa

Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Yatupasa kuikumbuka methali hii tusomapo kitabu cha Sundiata, alichokiandika Djibril Tamsir Niane wa Guinea kwa Kifaransa, kikapigwa chapa Paris mwaka 1960. Kitabu ni kizuri, nacho kina uzito wa masimulizi ya wazee. Lakini msimulizi wake, Mamadou Kouyaté, ni malenga wa ukoo uliowatumikia wafalme wa Mali, na Mali ndiyo iliyoshinda vita vya Kirina, yapata mwaka 1235.

Aliyeshindwa ni Sumaoro Kanté, mfalme wa Sosso, nchi ambayo Wasusu wa pwani ya Guinea huihesabu kuwa chimbuko lao. Kitabuni yeye ni mchawi mkatili, mwenye chumba kilichojaa vichwa vya wafalme aliowaua. Msomaji asiyewajua Wasusu aweza kukifunga kitabu akidhani kuwa ndivyo walivyo. Kumbe ni wakulima wa mpunga, wavuvi na wachuuzi, na lugha yao husikika kila siku katika masoko ya Conakry, hata vinywani mwa watu wa makabila mengine.

Hatusemi kwamba mwandishi amewaonea. Yeye mwenyewe asimulia jinsi malenga Balla Fasséké alivyoingia kwa siri chumbani mwa Sumaoro, akaiona marimba kubwa, akaipiga. Mfalme akaja kwa hasira. Lakini aliposikia sifa zake zikiimbwa, moyo wake ukalainika, asimwue. Hapo twamwona mtu, wala si zimwi.

Tena marimba iitwayo Sosso-Bala, yenye mbao 20, yatunzwa hata leo kijijini Niagassola na ukoo wa malenga wa Mali, na masimulizi yanena kwamba asili yake ni Sumaoro. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa wanadamu wote. Mshindi aliitwaa nchi ya adui wake, lakini chombo cha adui hakukivunja; alikiweka kwa heshima.

Basi, walimu wenzetu, kisomeni kitabu hiki pamoja na wanafunzi wenu. Mfikapo penye habari ya marimba, tueni kidogo mkawaulize: malenga wa Sosso angalikisimuliaje kisa hiki? Mtoto akijifunza kuuliza hivyo, hatamhukumu jirani kwa maneno ya aliyemshinda.