The Kissing Booth: Wahakiki Walisema Kweli, Lakini Walimwambia Nani?

Tarehe 11 Mei 2018 Netflix iliachilia The Kissing Booth, filamu ya mapenzi na vichekesho vya vijana wa sekondari, na mambo mawili yakatokea karibu kwa pamoja. Wahakiki waliirarua. Kwenye Rotten Tomatoes, ule mtandao unaokusanya maoni ya wahakiki na kuyageuza kuwa asilimia, haikufika hata 20. Halafu Ted Sarandos, aliyekuwa mkuu wa maudhui pale Netflix, akasema hii ni kati ya filamu zinazotazamwa sana Marekani, na pengine dunia nzima. Ikazaa ya pili mwaka wa 2020 na ya tatu 2021. Kama ulikuwa na pasiwadi ya Netflix ya binamu yako, ama unajua duka la muvi mtaani ambako unajaziwa flashi, kuna uwezekano mkubwa uliiona. Kama hukuiona, basi ulisimuliwa.

Kawaida mambo yakifika hapa watu hugawana timu. Timu moja inasema wahakiki ni wazee waliosahau raha. Nyingine inasema watazamaji ni watoto wasiojua filamu. Mimi siko kwa timu yoyote. Naona wahakiki walikuwa sawa karibu kwa kila kitu walichosema kuhusu hii filamu. Lakini waliongea wao kwa wao, na yule msichana wa miaka 15 aliyeitazama mara tatu hakuna aliyegeuka kumwangalia.

Hadithi kwa ufupi, kwa mlioiruka. Elle Evans na Lee Flynn walizaliwa siku moja, hospitali moja, mama zao wakiwa mabeste. Wamelelewa kama mapacha. Wana orodha ya sheria za urafiki, na sheria ya 9 inasema jamaa za rafiki yako hawaguswi. Sasa Lee ana kaka mkubwa, Noah. Mrefu, ana pikipiki, anacheza kandanda ya Kimarekani, na ngumi yake iko tayari saa zote. Elle na Lee wanaamua kuweka kibanda cha mabusu kwenye tamasha la shule ili wachangishe pesa. Nani anaishia kumbusu nani, unajua mwenyewe.

Mashtaka nayo ni haya. Siku ya kwanza shuleni suruali ya Elle inapasuka, anavaa sketi ya zamani ambayo sasa ni fupi, na mvulana mmoja anamshika makalio. Noah anamrukia huyo mvulana kwa ngumi. Mpaka hapo unaweza kusema poa, angalau kuna mtu amemtetea. Lakini Noah huyohuyo anamwambia Elle kwamba kwa sketi kama ile alikuwa anajitafutia. Yule mvulana naye wanabakishwa shuleni pamoja na Elle, anamwalika watoke, na Elle anakubali. Siku ikifika jamaa haonekani, kwa sababu Noah ameshamtisha. Kumbe amewatisha wavulana wa shule nzima wasimkaribie. Filamu inatupa habari hiyo kama zawadi: si unaona alikuwa anamlinda! Halafu kuna ule usiku wa sherehe ufuoni. Noah anamfokea Elle aingie kwenye gari na anapiga boneti kwa mkono. Elle anaingia. Kutoka hapo wanapanda mpaka kwenye zile herufi kubwa za Hollywood mlimani, na mapenzi yanakolea.

Ukiyapanga hivyo, asilimia zile hazishangazi. Wahakiki wengi walisema filamu inauza udhibiti kwa jina la mapenzi, na sina la kuwapinga. Lakini hesabu yao inaacha vitu viwili nje.

Cha kwanza ni urafiki. Sehemu bora ya The Kissing Booth haina Noah. Ni Elle na Lee kwenye mashine ya densi, wakiruka hatua walizozikariri tangu utotoni, wakicheka kama watu wasio na mtihani wala kodi. Joey King anamcheza Elle kwa mwili mzima. Anaanguka, anajigonga, anafanya sura za kijinga bila kujali kama anapendeza. Filamu za mapenzi humpa msichana nafasi ya kupendeza kila dakika. Nafasi ya kuchekesha huwa adimu. Mtoto wa shule akimwona Elle anajiaibisha mbele ya watu na bado ndiye stelingi, anapata kitu ambacho asilimia haikipimi.

Cha pili ni asili yake. Hadithi hii iliandikwa na Beth Reekles, msichana wa Wales aliyekuwa na miaka 15, akiipandisha sura kwa sura kwenye Wattpad. Ilisomwa zaidi ya mara milioni 19 kabla ya kuwa kitabu. Kwa hivyo Noah hakubuniwa na mzee mmoja ofisini aliyeamua wasichana wanapenda kufokewa. Alibuniwa na msichana, akapitishwa na wasichana wengine wakiacha maoni chini ya kila sura wakidai inayofuata. Hiyo inauma kidogo, na ndiyo sababu nadhani wengi waliruka hapo haraka. Ni rahisi kumshtaki Noah. Ni vigumu zaidi kuuliza kwa nini binti mwerevu wa miaka 15 akikaa peke yake chumbani kuota mpenzi, anayekuja ni huyo.

Jibu langu ni hili. Ukiwa na miaka 15 kila mtu ana neno juu ya mwili wako: mzazi, mwalimu, kanisa, makanga. Wote wanakulinda na wote wanakukataza, na hakuna anayekutaka wewe kama wewe. Noah anafanya yale yale, anakataza na anafoka, lakini yeye anataka. Ndoto imechukua kitu pekee inachokijua, yaani kulindwa kwa nguvu, ikakitia mapenzi. Msichana ana haki ya kuota hivyo kwenye daftari lake. Ndoto si ahadi.

Filamu lakini si daftari. Kati ya Wattpad na Netflix walipita watu wazima wenye bajeti, wakiongozwa na Vince Marcello, aliyeandika muswada na kuwa mwelekezi. Hao walikuwa na nafasi ya kuuliza swali ambalo mtoto hakulijua. Wangeweza kumwacha Noah na wivu wake, halafu wakamwacha Elle auone. Badala yake walichukua ndoto ya mtoto, wakaipigia picha nzuri, wakaweka mzaha kwenye sketi, na wakasonga. Lawama yangu iko hapo, kwa watu wazima. Hata sisi Waafrika tunahusika kidogo: sehemu kubwa ilipigwa Cape Town, na Zandile Madliwa, mwigizaji wa Afrika Kusini, yumo kama mmoja wa wale wasichana watatu wanaotamba shuleni. Los Angeles ya ndoto ilijengwa huku kwetu, na bado Mwafrika kwenye hiyo ndoto amesimama pembeni ya fremu, akiongea kwa lafudhi ya Marekani.

Kwamba ingewezekana vingine tulionyeshwa miezi mitatu tu baadaye. Agosti 2018 Netflix hiyo hiyo ilitoa To All the Boys I've Loved Before, kutoka kwa kitabu cha Jenny Han, mwelekezi akiwa Susan Johnson. Wahakiki waliipenda, ilipita asilimia 90. Nayo pia ina sheria zilizoandikwa, na hapo ndipo ulinganisho unanoga. Sheria za Elle na Lee zinasema Elle anaruhusiwa kumpenda nani. Lara Jean na Peter wanapokubaliana kuigiza uchumba, wanaandikiana mkataba, na Lara Jean anaweka sharti kwamba hakuna kubusiana. Peter ananung'unika, lakini anakubali. Karatasi ni ile ile. Kwenye moja msichana ni mali inayowekewa mpaka, kwenye nyingine ndiye anayeshika kalamu. Na watazamaji walifanya nini? Walizitazama zote mbili. Wasichana wale wale waliodaiwa hawajui kizuri walikimbilia kizuri kilipoletwa. Njaa ilikuwa ya hadithi za mapenzi zenye wao ndani, na mwenye njaa haanzi kwa kuuliza jina la mpishi.

Halafu likaja jambo ambalo bado linanishangaza. Juni 2019 HBO ilianza tamthilia ya Euphoria. Jacob Elordi, Noah wetu, yumo kama Nate Jacobs: mrefu, mchezaji wa kandanda, anamfuatilia mpenzi wake, anaamua nani amguse, anapiga anayemgusa. Ni mvulana yule yule. Kilichobadilika ni taa, muziki, na mahali kamera inaposimama. Kwenye The Kissing Booth kamera inasimama upande wa anayefoka na tunaambiwa tufurahi. Kwenye Euphoria inasimama upande wa anayefokewa na tunaogopa. Elordi mwenyewe baadaye alisema waziwazi kwamba hakutaka kuigiza zile filamu za Netflix, na akazidharau. Sawa, ni haki yake. Lakini ukitaka kumfundisha mtu wa miaka 16 kusoma filamu, huhitaji digrii, na hili nalisema kama mtu aliyeacha chuo katikati. Mwekee Noah akipiga boneti, halafu mwekee Nate. Muulize nini kimebadilika kati ya hao wawili. Ataona.

Tukija kwetu, swali la nani anamlinda msichana lilipata jibu la ajabu mwaka huo wa 2018. Tarehe 27 Aprili 2018 bodi ya kuainisha filamu, KFCB, ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Siku chache baadaye ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa huko. The Kissing Booth ikashuka kwenye simu zetu wiki ile ile ya Cannes. Rafiki si vichekesho, na sizilinganishi kwa ubora. Nalinganisha tulichoambiwa ni hatari. Kena na Ziki wanaulizana, wanangojana, wanaogopa pamoja. Hiyo ikafungiwa, mpaka Septemba Mahakama Kuu ilipoifungulia kwa siku 7 na watu wakajaa kumbini. Noah, anayetisha shule nzima ili msichana mmoja abaki peke yake, alipita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho. Sitaki naye afungiwe. Nataka tuone kwamba waliosema wanalinda maadili ya vijana walikuwa wanaangalia ni nani anampenda nani, na hawakuangalia anampenda vipi.

Na hilo la vipi si mchezo. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu walijaza barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Sisemi filamu ya Netflix imeua mtu; huo ungekuwa uvivu wa akili. Nasema kwamba kila mmoja wetu amewahi kusikia, kwa stejini ama kwa grupu ya WhatsApp, mtu akieleza simu 30 za usiku, ama msee anayetaka kujua uko na nani, kwa sentensi moja: si ni vile anakupenda. Hiyo sentensi inafundishwa mahali pengi, na filamu tamu ni mahali pamoja. Ndiyo maana uhakiki wa filamu ya watoto wa shule si kazi ndogo ya kumaliza kwa nyota moja na kejeli.

Sasa uhakiki wenyewe ukae vipi? Tunao mfano hapa nyumbani na hatuuheshimu vya kutosha. Tumekulia DJ Afro, yule anayeongea juu ya filamu kwa Kiswahili na Sheng, filamu ikiendelea. Anakuambia stelingi ni nani, adui amejificha wapi, na nani hapo amefanya ujinga. Hakusubiri filamu iishe aandike maneno 800 kwa wasomi wenzake. Yuko nawe kibandani, anacheka nawe, na bado anakuonyesha. Kazi yake imekuwa zaidi kwenye filamu za mapigano. Filamu za mapenzi, zile za wasichana, tuliachwa tuzitazame kimya chini ya blanketi, simu ikiwa na asilimia 9 ya chaji, bila sauti ya mtu mkubwa anayezipenda na kuzielewa kwa wakati mmoja. Wahakiki wa 2018 walizielewa bila kuzipenda. Marafiki zetu walizipenda, basi.

Wangebaki mpaka mwisho, hao wahakiki, wangeona kitu. Kufikia filamu ya tatu wengi walikuwa wamechoka, na kusema kweli nayo imenyooshwa kama chapati ya mwisho wa mwezi. Lakini ndani yake Elle anatakiwa kuchagua chuo: Berkeley na Lee, au Harvard mji mmoja na Noah. Miaka yote wavulana wawili wa nyumba moja wamemvuta huku na huku. Anaachana na vyote viwili na kwenda USC kusomea utengenezaji wa michezo ya video, kwa sababu yeye ndiye anayeupenda. Imechelewa, imefanywa haraka haraka, na haifuti ile boneti. Lakini msichana aliyevumilia filamu zote tatu aliiona, na ningependa kumsikia yeye akiieleza.