Besi na Mizani: Albamu ya Kwanza ya Kalamashaka na Kazi ya Mhakiki

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wameuzoea muziki wa kufokafoka kwa njia moja: maneno hunakiliwa karatasini, mizani huhesabiwa, vina husakwa, kisha hukumu hutolewa. Kwa kipimo hicho, Ni Wakati (2001), albamu ya kwanza ya Kalamashaka, kundi la vijana watatu wa Dandora, Nairobi, huonekana kuwa na mapengo. Makala haya yanashikilia kwamba mapengo hayo yamo katika unakili, wala si katika utungo.

Amri Abedi, ambaye Sheria zake za 1954 hutajwa kila mara dhidi ya watunzi wa namna hii, alisisitiza kwamba shairi ni la kuimbwa. Ikiwa ndivyo, basi mizani na ipimwe pale utungo unapoimbwa. Katika kufokafoka, besi na ngoma ndizo zinazoushika mshororo. Mfokaji huweza kusongamanisha silabi au kunyamaza kabisa, na pigo likaendelea kumhesabia. 2 Live Crew wa Miami walilifikisha jambo hili mbali katika albamu yao ya kwanza ya 1986, ambamo besi nzito haikuwa pambo bali uti wa mgongo. Kalamashaka hawakufuata mtindo huo, wala uzito wa maneno yao haulingani na mzaha wa Miami. Hata hivyo, kanuni ni ile ile.

Yamkini msomi atapinga kwamba besi huyameza maneno. Hoja hii ina uzito. Abiria wa matatu itokayo Nakuru kwenda Njoro, aliyeketi karibu na spika, huhisi mtikisiko kifuani kabla ya kuupata ujumbe. Kanuni za Kenya za 2009 kuhusu kelele na mtikisiko uliokithiri zinamlinda abiria huyo, na ni haki yake. Lakini mwanasheria akishapima ukubwa wa sauti, kazi yake imekwisha. Ya mhakiki ndipo inapoanza. Hata katika ngoma za jadi, si kila neno humfikia mchezaji. Aidha, besi isitumiwe kuficha utungo dhaifu: mhakiki anayesikiliza vyema ndiye atakayetambua ni wapi pigo linabeba neno na ni wapi linalifunika.

Mathalani, "Tafsiri Hii", wimbo uliowavumisha Kalamashaka mwishoni mwa miaka ya 1990, una anwani yenye utata. Karatasini, maneno hayo mawili yaweza kuwa jina, yaani tafsiri fulani inayoonyeshwa, au amri kwa msikilizaji. Maandishi peke yake hayaamui. Sauti, pumzi na pigo huamua. Na ikiwa ni amri, basi imeelekezwa kwanza kwa wale ambao kufasiri ndiyo kazi yao, nao kwa muda mrefu wameitikia kwa kuhesabu silabi.